Shajara ya sakafu ya Madoa

Jumamosi, 4 Januari 2025

Mwenzangu wa kazini anahama Leicester, na nyumba anayokwenda hairuhusu mnyama. Kwa hiyo leo jioni tumerudi nyumbani na kizimba cha kioo, mfuko wa vikorokoro, na mjusi chui mmoja aliyejikunja ndani ya kopo la aiskrimu lililotobolewa matundu. Binti yangu, ana miaka tisa, alikwisha kumpa jina kabla hatujafika kwenye gari: Madoa.

Kizimba ni sentimita 90 kwa 45 kwa 45, kinatosha. Chini kimetandikwa mchanga wa bluu. Bluu ya bwawa la kuogelea. Mfuko wake upo, umeandikwa kuwa mchanga huu ni wa kalsiamu, na mjusi akiumeza unayeyuka tumboni na kumjenga mifupa. Nimeusoma mara mbili. Tandiko linalosifiwa kwa kulika limenitia wasiwasi.

Chini ya kioo kuna mkeka wa joto, waya umechomekwa moja kwa moja kwenye soketi, hakuna themostati ya kudhibiti joto. Mizani ya jikoni inasema gramu 41. Mkia ni mwembamba, na mkia ndiyo ghala lake la mafuta.

Usiku mama mkwe amepiga simu ya video. "Nasikia mnafuga. Mnafuga nini?" Mjusi, mama. "Mjusi kafiri?" Kwetu mjusi wa ukutani ana kesi yake ya tangu zamani, ya kuupuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahim, na sijapata kumwona wakili aliyejitokeza kumtetea. Nikamweleza kuwa huyu ni mwingine: ana kope na hufumba macho, na vidole vyake havigandi ukutani, mwendo wake ni wa chini tu. Nikamsogezea simu kizimbani. Madoa akafumba jicho moja. "Haya, mpeni chakula," akasema mama, "lakini asipande kitandani."

Jumapili, 5 Januari

Kabla ya kugusa chochote nimetaka kujua kwao ni wapi. Kwa jina la kitaalamu ni Eublepharis macularius, na mwaka wa kuandikwa kwake kisayansi ni 1854. Hilo neno la pili ni la Kilatini na maana yake ni mwenye madoa. Binti yangu anadai alijua.

Kwao ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi ya India. Kinachotupoteza ni neno "jangwa". Tukilisikia tunaona matuta ya mchanga na ngamia watatu kwa mbali. Anakoishi huyu ni nchi kavu ya mawe na changarawe, udongo ulioshikana ukawa mgumu, vichaka vya hapa na pale. Mchana hujificha chini ya mawe na mashimoni, jua likizama hutoka kuwinda. Mchanga laini unaomiminika kama sukari si kawaida ya kwao hata kidogo, sembuse wa bluu.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya tano bila kinyesi. Jana nimemwona analamba mchanga, si mara moja, analamba kama anaonja mchuzi.

Nimekwenda kwa daktari wa wanyama anayetibu mijusi na nyoka. Picha ya eksirei imeonyesha punje zimejazana utumboni, zinang'aa nyeupe kama chokaa. Lakini swali lake la kwanza halikuwa la mchanga. Aliuliza joto.

Bahati nilikuwa nimeshapima, kwa kile kipimajoto cha kulenga kama walichotulengea kwenye paji la uso wakati wa Korona. Juu ya mchanga, pale Madoa anapolala, nyuzi 26. Nilipochimba hadi kwenye kioo, nyuzi 43. Yaani mchanga ulikuwa umelifunika joto kama blanketi: mjusi juu anaona baridi, na akichimba kufuata joto anaungua tumbo.

Maelezo ya daktari nayaandika ili nisiyasahau. Mjusi hana joto lake mwenyewe, hulichukua nje, na bila joto chakula hakisagiki. Bila kalsiamu ya kutosha na vitamini D3 misuli ya utumbo nayo hulegea. Tena mnyama aliyepungukiwa kalsiamu hutafuta kalsiamu, kwa hiyo ukimlaza juu ya kitu chenye ladha hiyo atakilamba. Na hiyo kalsiamu kabonati ikizidi huizima asidi ya tumbo, ile ile iliyotegemewa kuuyeyusha mchanga. Kwa hiyo Madoa alikuwa na shida tatu zinazosaidiana, na mchanga ilikuwa moja tu.

Ametiwa maji mwilini, ameruhusiwa kurudi nyumbani. Amri: joto sahihi, chakula kisubiri, karatasi za jikoni chini. Ule mchanga niutupe, nisimpe mtu.

Jumapili, 12 Januari

Kimetoka. Cha bluu. Sijawahi kushangilia kinyesi hivi tangu binti yangu alipokuwa mtoto mchanga.

Jumamosi, 25 Januari

Wiki mbili za karatasi. Hazipendezi, kizimba kinafanana na meza ya maabara, lakini hazifichi kitu: naona amekula nini, ametoa nini, na ile sehemu nyeupe ya mkojo kama ni nyeupe kweli au imeanza kuwa njano. Kinyesi kimepelekwa kupimwa vimelea, pamoja na Cryptosporidium ambayo hukondesha mkia ukabaki kama kijiti. Hakuna kilichoonekana. Gramu 39, kisha 42, leo 44.

Shida ni kelele. Kila usiku anaparura kona ya nyuma, kwaru kwaru kwaru, mpaka karatasi inachanika. Huyu anataka kuchimba. Kwa hiyo nimeanza kutafuta sakafu ya kudumu.

Zulia la mijusi nimelifuta kwanza. Nimepitisha ukucha wangu mwenyewe likaunasa, na yeye ana kucha kumi na nane hadi ishirini za kunasa (sijazihesabu, hatulii). Tena uchafu huzama kwenye nyuzi, unafua na bado linanuka. Maganda ya jozi yaliyosagwa: ncha kali kama vigae vya chupa. Vipande vya mbao za misonobari na mierezi: ile harufu tunayoipenda kabatini ndiyo inayowadhuru.

Vigae vya sakafuni ni jambo jingine, na hapa niseme ukweli. Kigae kisichoteleza ni salama, kinapitisha joto vizuri, kinafutika kwa kitambaa, kinamsagia kucha. Kama Madoa asingekuwa anaparura, ningeweka vigae leo na shajara hii ingeishia hapa. Mtu anayetaka jibu la haraka achukue hilo.

Kisha makumbi ya nazi. Dukani yanauzwa makavu, yamebanwa kama tofali, unaliloweka linaumuka. Mke wangu kwao ni Makunduchi, Unguja. Alilishika lile tofali, akalinusa, akatazama bei, akakaa kitini. Mama yake alikuwa anafukia makumbi pwani miezi na miezi mpaka yaive, anayafukua, anayaponda kwa gongo, anapata usumba wa kusokota kamba, na mgongo unabaki huko huko baharini. "Na hawa wanauza takataka za kamba," akasema, "kwa pauni." Kwa kizimba kizima hayafai, yakikauka yanatimua vumbi na yakilowa yanashika maji mno kwa mnyama wa nchi kavu. Ila kwa pango la unyevu, lile analoingia akitaka kujichuna ngozi, hakuna kinachoyapita. Tofali tumelinunua, kwa manung'uniko.

Jumamosi, 1 Februari

Nimeamua kutengeneza udongo. Wafugaji wengi hutaja sehemu saba za udongo wa juu kwa tatu za mchanga wa kuchezea watoto. Nimeona nijaribu kwenye mabakuli kwanza. Mabakuli matano ya plastiki, kila moja limelowekwa, limeshindiliwa kwa ngumi, limewekwa juu ya hita ya ukutani:

La kwanza mchanga mtupu. La pili nusu kwa nusu. La tatu udongo 7, mchanga 3. La nne udongo 6, mchanga 3, mfinyanzi (udongo wa kufinyangia vyungu) wa unga 1. La tano udongo na mfinyanzi nusu kwa nusu.

Udongo wa mfuko wa kwanza umenipa somo. Mfuko umeandikwa "udongo wa juu", ndani nimekuta vipande viwili vya kioo, uzi wa plastiki, na vijiti visivyohesabika. Umechekechwa wote kwa chekeche la jikoni. Chekeche jipya la jikoni limo kwenye bajeti ya mradi kuanzia leo. Jambo la kuangalia kabla ya kununua ni kuwa udongo usiwe na mbolea wala dawa ya wadudu, na usiwe na zile punje nyeupe nyepesi za perlaiti ambazo bustani zinazipenda. Mboji ya maua haifai kwa sababu hizo hizo.

Jumapili, 2 Februari

Nimempigia mjomba, Pangani. Alijenga nyumba tatu za udongo kwa mikono yake kabla ya matofali ya saruji kumfikia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi bado?"

Nikamweleza habari za mabakuli. Sikumwambia mara moja kuwa ni kwa ajili ya mjusi, nilisema nataka udongo mkavu usiobomoka ukitobolewa. Akaniuliza mchanga wenyewe ni wa pwani au wa mtoni, nikasema wa dukani, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema maneno ambayo sikuyapata kwingine kokote: "Udongo wa kukandikia ukiwa na mchanga mwingi utakudondokea. Ukiwa mfinyanzi mtupu utapasuka. Chukua tonge, libinye, lisokote kama kidole. Likikatika kabla halijawa kidole, mchanga umezidi. Ukiweza kulikunja pete, mfinyanzi umezidi. Unataka lile linalokubali kuwa kidole na kukataa kuwa pete."

"Nyumba ya nani hiyo?" akauliza mwishoni. Nikamwambia. Kimya. "Mjusi," akasema. "Haya. Naye ni mpangaji."

Alhamisi, 6 Februari

Mabakuli yamekauka. La kwanza limemwagika kama chumvi. La pili limesimama, nikalibonyeza kwa kidole gumba likavunjika kama mkate wa siku tatu. La tano limepasuka mara tatu na kujitenga na ukingo, kama alivyosema mjomba. La tatu na la nne yameshika. Nimetoboa kila moja kwa mpini wa kijiko na kuparura juu kwa uma, kujifanya Madoa. La tatu linatoa vumbi kidogo na mdomo wa tundu unaliwa taratibu. La nne limebaki na tundu lake, ukingo mzima, na ukigonga linalia kama chungu.

Jipime mwenyewe, usinakili vipimo vyangu. Nilipofungua mfuko wa pili wa udongo, wa kampuni ile ile, ulikuwa na mfinyanzi wake wa asili, tonge likawa kidole bila kuongezewa kitu.

Jumamosi, 8 Februari

Mawe kabla ya udongo. Hili nimelipigia mstari kwenye daftari. Mawe bapa ya sleti yamekaa juu ya kioo chenyewe, kwenye miguu ya mawe madogo, yakagandishwa kwa silikoni ya matangi ya samaki. Jiwe likilazwa juu ya udongo, mjusi akachimba chini yake, linamwangukia. Silikoni ilitiwa Jumapili iliyopita na leo harufu ya siki imekwisha kabisa, ndiyo dalili kuwa imeiva.

Kisha hesabu. 90 kwa 45 kwa kina cha sentimita 7 ni lita 28 na kidogo. Nikachanganya lita 28, nikaloweka, nikamwaga, nikashindilia kwa gongo la mbao. Zikabaki sentimita 5. Kushindilia kumekula karibu theluthi na sikuwa nimekuwekea chochote. Nimechanganya duru ya pili kwenye beseni la kuogea, baada ya ahadi ambazo sitaziandika hapa.

Ule mkeka wa joto umetoka. Kwa udongo mnene kiasi hiki ungekuwa hatari ile ile ya nyuzi 43, pengine na kupasua kioo. Badala yake taa ya halojeni juu, upande wa kulia, na themostati ya kupunguza mwanga.

Jumatano, 12 Februari

Ukungu mweupe kwenye kona ya nyuma, kama pamba. Unyevu asilimia 78. Nilikuwa nimefunga milango ya kizimba ili joto lisitoke, nikasahau kuwa maji nayo yanataka pa kutokea. Nimekwangua kona yote, nimeacha milango wazi na feni ndogo mbele yake. Madoa yuko kwenye sanduku lake la plastiki na karatasi zake, na amejichuna leo. Alikula ngozi yake yote isipokuwa soksi ya kidole kimoja, tukailainisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ikatoka. Mke wangu: "Kumbe kujivua gamba kunawezekana." Waliokuwa Tanzania mwaka 2011, CCM iliposema itajivua gamba, watamwelewa.

Jumamosi, 22 Februari

Siku kumi za feni. Unyevu asilimia 38, ukungu haujarudi. Sakafu imepata ufa mmoja mwembamba karibu na taa, nimeuacha, hata kwao ardhi ina nyufa. Juu ya jiwe chini ya taa nyuzi 34. Upande wa baridi 24. Usiku taa ikizimwa chumba hushuka hadi 19, ni sawa kwake.

Nimemwingiza saa tisa alasiri, gramu 49. Akasimama palepale dakika nzima. Akaramba sakafu mara moja, moyo ukanipiga, akaondoka. Mijusi hawa hunusa kwa ulimi, ninachokiogopa ni kurudia rudia.

Kwa maana udongo nao humezeka, nisijidanganye. Mjusi mzima mwenye joto na kalsiamu hupitisha punje chache bila habari. Mtoto aliyetoka yaini, mgonjwa, au mgeni ambaye hujaona kinyesi chake, akae kwenye karatasi. Madoa mwenyewe asingeingia hapa Januari. Funza wa unga nampa ndani ya kibakuli chenye ukingo, na mende wa dubia kwa kibano, wamepakwa unga wa kalsiamu, hakuna chakula kinachotupwa chini. Binti yangu ameandika "NAWA MIKONO" kwa wino mwekundu na kubandika kwenye kioo, kwa sababu ya salmonela, na ananikagua.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia, na nimegundua kuwa ratiba ya Madoa ndiyo yetu. Saa kumi na mbili kasoro robo, sisi tunatazama saa na tende mkononi, yeye anatoa kichwa chini ya jiwe. Saa kumi alfajiri tunakula daku, yeye yuko kazini. Leo wakati wa daku tumesikia kwaru kwaru kutoka sebuleni na wote watatu tukanyamaza, vijiko hewani.

Jumapili, 9 Machi

Ana nyumba. Amechimba chini ya jiwe la katikati, tundu la upana wa yai la kuku, linaingia ndani sentimita kumi na mbili na kukata kushoto. Nimemulika kwa tochi: ukuta umeshika, dari ni jiwe, hakuna kilichodondoka. Kile alichokichimbua amekisukuma nyuma kwa miguu na kukiacha mlangoni kama kifusi cha fundi asiyesafisha. Kinyesi chote kipo kona moja ya mbali, kikavu, nakitoa kwa kijiko pamoja na udongo wa chini yake na kujazia mpya kutoka ndoo ya akiba. Gramu 54, na mkia umeanza kuwa mnene kuliko shingo.

Nimemtumia mjomba picha. Amejibu kwa sauti, kuku wanasikika nyuma yake:

"Nimeiona. Kazi nzuri, amechimba kuliko mafundi wa siku hizi. Lakini mlango kauweka upande wa maji, mwanangu. Maji yakimwagika yanaingia ndani."

Nimekwenda kutazama. Ni kweli, bakuli la maji liko kiganja kimoja tu kutoka mlangoni, na sakafu yake ndiyo inayoinamia huko. Nimelihamishia kona ya kushoto.